Kila Mdomo na Mrija Wake

Ninyi mliochukua funguo zangu kule chini Hagsätra, huku kwa Waswidi, tulieni. Mmeniomba niandike kazi yetu inavyofanywa, maana mnasema nikieleza kwa mdomo nawagombeza. Haya, sasa nitawagombeza kwa kalamu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya vitabuni. Vyeo sikupata, na mshahara ni siri yangu na benki. Nitasema nilichokikuta, nilichokifanya, na kwa nini mirija ile inaning'inia ukutani, kila mmoja na msumari wake. Najua mnaicheka. Kucheka ruhusa. Kuichanganya, marufuku.

Kwa asiyejua, kazi yetu ni kutunza vyumba vya mazoezi ya muziki vilivyo chini ya ardhi. Bendi zinakuja kwa zamu. Sisi tunafungua, tunafunga, tunasafisha, tunatengeneza kinachotengenezeka na tunakinunia kisichotengenezeka.

Siku ya kwanza nilipokewa na Gunnel, mama wa Kiswidi mwenye mabega kama kabati. Hakunisalimu kwa neno. Alinipa ndoo, kitambaa na brashi laini ya rangi, akanionyesha ukuta. Ukuta wote ulikuwa karatasi. Waswidi ndivyo walivyo: mtu akiudhika hasemi, anaandika, anabandika, anakwenda zake kunywa kahawa. Mimi Kiswidi nimekisoma kwenye karatasi za Gunnel. Osha kikombe chako. Usiweke kahawa juu ya kinanda. Zima kabla ya kuondoka. Kwa muda mrefu sikuwa na sentensi hata moja ya kuomba kitu, nilikuwa na za kukataza tu. Nikienda ofisi za serikali nilihudumiwa haraka sana.

Karatasi kubwa kuliko zote iliandikwa: "Mama yako hafanyi kazi hapa." Maana yake, usafi wako ufanye mwenyewe. Ilikaa vizuri mpaka mwanangu Mika alipoanza kuja kutoka shuleni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwangalia nyumbani. Akaisoma, akaniangalia nikiwa na ufagio, akamwambia Gunnel, "Lakini wangu anafanya." Gunnel alifikiri. Kesho yake chini ya ile karatasi palikuwa na mstari mpya: "Isipokuwa wa Mika."

Huyo Gunnel ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba vumbi la kinanda halipulizwi kwa mdomo, maana mdomo una maji. Unalifagia kwa brashi, kutoka kwenye vitufe kuja nje, na umeme umeshauchomoa. Parafujo ikianguka usiitafute kwanza: simama, usiinue mguu, halafu ndipo utafute. Na kinanda kinachoumwa kinanuka kabla hakijanyamaza. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua na hakuna aliyeungua nywele, kimbilia soketi.

Wakati huo waliokuja walikuwa vijana wa magitaa, wenye nywele ndefu na huzuni. Walipiga kwa sauti kubwa kuhusu mambo ambayo, Gunnel akinitafsiria, niliona yangetibika kwa uji. Kisha taratibu magitaa yakapungua, wakaanza kuingia vijana wenye vinanda vya umeme chini ya makwapa, miwani ya jua usoni, na nje kuna theluji. Hiyo ndiyo ilikuwa fanki.

Niwaeleze fanki, maana nimeisikia kupitia ukuta miaka mingi kuliko mnavyoishi. Fanki ya kwanza, ya watu weusi wa Amerika, ilikuwa na watu wengi: wa tarumbeta, wa ngoma, wa gitaa zito, na kila mmoja anataka kula. Halafu kinanda cha umeme kikaingia, kikawameza mmoja mmoja. Kikameza tarumbeta. Kikameza gitaa zito. Mwishowe ukifungua chumba unakuta watu wawili na nyaya, na sauti ya watu kumi na wawili. Kwa msanii sijui, lakini kwa msafishaji hayo ni maendeleo: jasho limepungua, nyaya zimeongezeka, na waya haunuki.

Sauti yake nzito inatembea kama mtu mnene anayeshuka ngazi akijua chini kuna chakula. Haina haraka. Inakanyaga, inaacha nafasi, inakanyaga tena, na ile nafasi ndiyo inayokutikisa. Wale wa maneno ya haraka haraka waliokuja baadaye waliichukua ileile sauti nzito wakaongea juu yake. Watoto wa Fittja, mtaa wa wahamiaji, wakaichukua kwa hao. Na kwaya yetu ya Kiswahili ikaichukua kwa Mika, ambaye alishakua na alikuwa anapiga kinanda kanisani kila Jumapili na hakuweza kuuzuia mkono wake wa kushoto. Wimbo wa toba ukawa na kiuno. Mchungaji akauliza mbele ya watu wote mbona siku hizi waumini wanatubu wakitabasamu. Mkono wa kushoto haukurekebishika.

Sasa nije kwenye mirija.

Jonas, kijana wa Kiswidi mwenye ndevu za mbuzi, alileta kisanduku chenye spika ndani na mrija mrefu wa plastiki juu. Kinanda kinapeleka sauti kwenye kisanduku, sauti inapanda mrija, mrija unaingia mdomoni mwako. Wewe hutoi sauti hata kidogo. Unachezesha midomo na ulimi tu kama bubu anayekula, na maikrofoni mbele yako inapokea, halafu kinanda kinaongea. Kinaongea maneno! Mara ya kwanza niliposikia nilidhani mtu amekwama kwenye bomba la maji, nikaita fundi.

Kosa lao ni kwamba walikuwa na mrija mmoja. Kijana akimaliza anampa mwenzake, na mwenzake anautia mdomoni kama pipi. Haikupita muda jumba zima likawa na vidonda vya midomo. Kila bendi vidonda mahali pamoja, upande wa kulia.

Mimi kwetu ni upande wa Busia. Wazee wetu walikunywa busaa, pombe ya kienyeji, kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu, kila mzee na mrija wake, na aliyeugusa wa mwenzake alitafutiwa kikao. Nikamwambia Gunnel, "Hawa ni wazee wa busaa wasio na adabu." Nikapiga misumari ukutani, nikafunga kila mrija uzi wa rangi yake. Gunnel akabandika karatasi: "Kila mdomo na mrija wake." Vidonda vikaisha.

Utunzaji wake ni huu. Maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, yanayochemka yanaipa plastiki mtoto wa jicho. Tone la siki. Unautikisa, unauning'iniza ncha zote mbili zikitazama chini. Ncha ikitafunwa, ikate kwa kisu kikali, wima. Wakati wa baridi usiutoe nje mkononi, unakauka kama mwanzi: uvae ndani ya koti, shingoni, kama daktari.

Kesi ngumu zimekuwepo. Palikuwa na mmoja kila akipiga chumba kinanuka samaki wa siki. Tukasafisha kinanda, tukasafisha kapeti, kumbe ni chakula chake cha mchana kinapanda mrija. Palikuwa na kijana wa Fittja, Mwislamu safi, aliyekuja mwezi wa Ramadhani akauliza mrija ukiwa mdomoni saumu inakuwaje. Nikamwambia mimi ni Mkristo wa ndoo na ufagio, kamuulize shehe wako. Akarudi anacheka. Shehe alimuuliza, "Kwenye mrija kunapita nini?" Akajibu, "Fanki." Shehe akamwambia funga yako iko salama, ila nafsi yako uiangalie mwenyewe.

Mika alikuwa mdomo bora kuliko wote. Mchana alikuwa dereva wa basi, jioni mtu wa mrija. Harusi za Wakenya, za Watanzania, za Wakongo, zote zilimtaka. Bibi harusi aliyetajwa jina na kinanda aliona ameolewa kweli.

Kisha akaugua koo. Sitaandika mengi. Madaktari walifanya kazi nzuri, mwanangu yuko hai, ila walipotoa ugonjwa walitoa na sauti. Hospitali walimpa kidude cha kubana shingoni, kikasema kama nyuki ndani ya chupa. Alikitumia mara moja, akakitia kwenye droo ya soksi.

Hapo tukaanza kumsemea. Mkewe Rosa, mtoto wa Mwanza, mwenye moyo mwema na mwendo wa haraka, ndiye aliyekuwa bingwa. Mika akifungua mdomo tu, Rosa anatangaza, "Mika anataka chai!" Akiandika kwenye simu, Rosa anasoma neno la kwanza, mengine anayamaliza mwenyewe. Mika alitaka dirisha lifunguliwe, akaletewa chai. Alitaka kujua Neema binti yake anarudi saa ngapi, akaletewa chai. Mwaka ule alikunywa chai kama mtambo. Na kila kikombe alizidi kuwa mdogo kwenye kiti, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Siku moja nikamchukua twende naye kazini. Sikumwambia kitu. Nilikuwa nafagia nikasikia nyuma yangu mtu mnene anashuka ngazi. Mika ameketi kwenye kinanda, mrija mdomoni. Mrija hauhitaji koo, unahitaji midomo na ulimi, na hivyo alikuwa navyo vyote. Kinanda kikasema, polepole, kwa besi:

"Ma-ma. Si-ta-ki cha-i."

Niliendelea kufagia. Nilifagia mahali pamoja kwa muda mrefu.

Baada ya hapo likaja la Neema. Anafanya kazi hospitali, na amempata kijana wa Kikongo, Fiston, familia yao inakaa Märsta. Mkuu wao ni mjomba wake, Papa Deo, shemasi, mtu wa kupakia mizigo uwanja wa ndege. Akanipigia simu kabla ya kuja kuposa.

"Mama Mika, siye tutakuja na heshima yote. Lakini tunaomba kitu moja. Baba ya mutoto aseme yeye mwenyewe, na mudomo yake. Niliona ndoa moja ilivunjika juu baba alikuja kusema, 'Miye sikusema kitu.'"

"Papa Deo, mwanangu hana sauti."

"Njo maana ninauliza, mama. Mujomba hawezi fungua mulango ya nyumba ya mwenzake. Baba ya nyumba njo anafungua."

Nilipowaambia nyumbani, Rosa akasema rahisi: atatikisa kichwa. Mika akaandika kwenye simu, akampa Neema, si Rosa. Neema akasoma yote: "Sitatikisa kichwa mbele ya wakwe. Mimi si mbuzi." Kisha akaandika tena: "Leteni kinanda."

"Men farmor," Neema akaniambia, yaani lakini bibi, "watatuona vichaa."

"Waone," nikasema. "Waswidi wameshatuona hivyo na bado tunakula."

Siku ya siku kinanda na kisanduku chake vikakaa juu ya meza ya pasi. Maikrofoni nikaifunga kwenye mpini wa deki. Mrija nilikuja nao kutoka kazini ndani ya koti, na nikauning'iniza kwenye msumari wa kalenda, karibu na kiti cha Mika. Wageni wakaingia wakitikisa theluji: Papa Deo na suti ya kahawia, mkewe na kitenge kizito, na Fiston katikati yao kama sanduku linalosubiri kupimwa uzito.

Papa Deo akaona kisanduku, akaona mrija mrefu, akaniona mimi mama wa Busia nimekaa pembeni ya huo mrija. Akasimama palepale.

"Mama, pole. Siye tuko watu ya kanisa. Pombe tuliacha."

"Kaa, Papa Deo. Huo mrija haunywewi. Unasemewa."

Hilo halikumtuliza.

Upande wetu msemaji nilikuwa mimi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kugombea. Tukasalimiana, tukaombeana, tukasifu barabara. Kisha Mika akavaa mrija. Mkono wa kushoto ukaanza kabla ya mdomo, ndivyo ulivyo, na kinanda kikasema: "Ka-ri-bu-ni nyu-mba-ni."

Bega la Papa Deo liliitikia kabla mwenyewe hajaamua. Akalishika kwa mkono. Akainuka, akatazama nyuma ya kochi. Akatazama nyuma ya pazia.

"Nani iko huko?"

"Hakuna mtu, papa," Neema akasema. "Ni baba."

"Sauti haiko ya baba. Iko ya mashini."

"Papa Deo," nikasema, "njoo karibu. Mika, fungua mdomo. Meno unayaona?"

"Ninayaona."

"Ulimi?"

"Unatembea."

"Ulimi ukisimama, mashine itasema nini?"

Akamwambia Mika asimamishe ulimi. Kinanda kikalia "uuuu" kama ng'ombe. Akamwambia autembeze. "Ka-ri-bu-ni." Asimamishe. "Uuuu." Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikamwona anaanza kufurahia. Akarudi kwa mkewe, wakanong'ona Kifaransa, akajifuta jasho, akatoa hukumu.

"Tunakubali. Mashini iko mapafu tu. Mudomo iko ya baba."

Nikauliza sasa kwa sauti ya kikao: "Mika, baba Neema, watu hawa wamekuja kumwomba binti yako. Unasemaje?"

Mika akaweka vidole. "Ni-na..."

"Amekubali!" Rosa akaruka. "Anasema amekubali!"

Mke wa Papa Deo akapiga vigelegele. Papa Deo akainua mikono kuanza sala. Fiston akakumbatiwa. Rosa analia, anacheka, anatafuta leso. Na chini ya kelele zote, kutoka kwenye meza ya pasi, sauti nzito ikashuka mpaka glasi zikatetemeka kabatini:

"BA-DO."

Mmewahi kuona vigelegele vinavyorudi kooni? Mimi nimeona.

Neema akawa mweupe, kama mtu mweusi anavyoweza. Rosa akakaa chini. Nikafikiri, hapa binti amepoteza mume, na mwanangu amepoteza hata hicho kiti alichobaki nacho, maana nani atamsikiliza tena?

Mika hakuwa na haraka. Alikanyaga, akaacha nafasi.

"Fi-ston. Hu-ja-se-ma."

Ilikuwa kweli. Tangu waingie kijana hakutoa neno. Papa Deo akawahi, "Fiston anasema ya kwamba yeye..."

"A-se-me. Mwe-nye-we."

Fiston akasimama. Jasho lilikuwa linamtoka kana kwamba yeye ndiye mwenye mrija.

"Pardon, baba. Miye ninaogopa hii mashini." Akaisogelea hatua moja. "Lakini... Neema akisema, ninangoja amalize. Hata akikasirika. Hata akisema Kiswidi ya mbio sana. Siko na maneno mengi. Ninajua kungoja. Ni hivyo tu."

"Ni kweli," Neema akasema kwa sauti ndogo. "Anangoja mpaka ananiudhi."

Mika akaondoa vidole kwenye kinanda. Alimtazama yule kijana. Sote tukaegemea mbele. Rosa alikuwa ameuma ncha ya kitambaa chake kwa meno ili asiseme. Papa Deo alikuwa ameshika bega.

Akarudisha vidole.

"Sa-sa. Ni-me-ku-ba-li."

Na kwa kuwa mkono wa kushoto haujui kuishia hapo, ukaendelea. Mke wa Papa Deo akaviachia vigelegele vyake vyote, vilivyorudi kooni na vipya. Papa Deo akacheza, lakini kishemasi, goti moja tu. Rosa akaenda kusimama nyuma ya mumewe, akaweka mikono mabegani pake, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali hakutangaza Mika anataka nini.

Tukaketi kula: wali, kuku, na sombe, yaani kisamvu, waliyoileta wageni kutoka Märsta. Katikati ya chakula Mika akautia tena mrija mdomoni. "Na-o-mba..." Besi ikaingia, na mara meza nzima ikakosa adabu. Papa Deo alikuwa ameshasimama na goti lake. Fiston anapiga makofi. Rosa mkono umeshafika kwenye birika la chai, kwa mazoea tu, maskini. Na Mika yuko pale, mrija mdomoni, sahani mbele, neno lake nusu, jicho kwenye kopo la chumvi.

Nikapiga mwiko mezani. Wakanigeukia wote, wakwe na wenyeji.

"Sikilizeni watu wa nyumba hii, na ninyi mnaoingia ndani yake. Kuanzia leo, Mika akiweka mrija mdomoni, hakuna wa kummalizia neno. Si Rosa, si mimi, si shemasi. Na mdundo uwe mtamu namna gani, mtu asicheze mpaka Mika amepewa chumvi yake."